Waridi la Kalundu na Jua la Mwezi wa Tisa

Barua tunayoanza nayo leo imetoka Kalundu, hapa Uvira, kwa mdogo wetu anayekaa si mbali na bandari. Anaandika hivi: "Yaya, mwezi wa tano mume wangu aliniletea miche mitatu ya mawaridi kutoka Bukavu. Mwezi wa sita yalichanua mpaka majirani wakaja kupigia picha. Sasa mwezi wa nane unaisha, maua yanatoka madogo, kingo zimeungua, na majani ya juu yamegeuka manjano. Nimeongeza maji, kila asubuhi na kila jioni natuma mtoto ziwani. Nimeongeza mbolea ya dukani. Mama mkwe kaniambia niweke majivu, nimeweka. Nifanye nini tena?"

Usifanye kitu, mdogo wangu. Kaa chini, pumua, na hilo kopo la mbolea lirudishe kabatini. Mawaridi yako hayajafa wala hayajalogwa. Yamechoshwa na joto, na wewe kwa mapenzi yako yote umeyatwika mzigo mara tatu: maji ya ziwa, mbolea na majivu. Tutaongea moja moja. Na ninyi wengine mlioniandikia kutoka Kasenga, Mulongwe na kule Makobola, sogeeni, maana maswali yenu ni yaleyale.

Kwanza ujue zawadi uliyopewa imetoka wapi. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kalundu, pale mawimbi yanapogonga bandari, ni mita 770 na kidogo. Aliyewahi kushuka mteremko wa Ngomo kwa gari anajua mwenyewe: Bukavu umevaa koti, Kamanyola unalivua, ukifika Sange unatafuta kitambaa cha kufutia jasho. Kwa hesabu ya kawaida kila mita 100 unazoshuka zinaongeza joto kwa nusu nyuzi au zaidi kidogo, kwa hiyo miche yako ilihamia mahali penye nyuzi nne au tano juu ya ilizozoea. Waridi likipata joto linaharakisha. Tumba linafunguka kabla halijajaza petali zake, ua linatoka dogo, rangi inapauka, na baada ya siku mbili limekwisha. Hiyo ndiyo tabia yake kwenye jua kali, na hakuna dawa ya dukani itakayokupa ua la Bukavu ukiwa umekaa Kalundu.

Wenye biashara ya mawaridi wanalijua hili kuliko sisi. Kule Naivasha, Kenya, mashamba makubwa yako karibu mita 1,900. Mashamba ya Uganda upande wa Entebbe, kando ya Ziwa Victoria, yako mita 1,200 hivi, na huko wengi waliamua kulima mawaridi ya ua dogo, kwa sababu joto la pale lisingewapa ua kubwa la kushindana na la Kenya kwenye mnada wa Uholanzi. Hao ni watu wenye mabomba, wenye nailoni juu ya mimea, wenye wataalamu wa kulipwa mshahara. Kama wao walikubaliana na mwinuko wao, sisi wa kubeba bidoni kichwani tubishane na wetu kwa faida gani?

Sasa maji. Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo mawaridi mengi ya ufuko huu yanapofia.

Maji ya Ziwa Tanganyika ni mazuri kwa macho. Siku ya utulivu unaona mawe chini. Lakini yana asili ya magadi. Kwa kipimo cha pH, ambako 7 ni katikati, limau liko chini na magadi yako juu, maji ya juu ya ziwa letu yanasimama kati ya 8.5 na 9. Sehemu ya chumvi yake inaletwa na mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu. Na kwa kuwa maji mengi ya Tanganyika yanapaa kwa jua, na machache tu ndiyo yanayotoka kwa mto Lukuga kule Kalemie, chumvi hizo zinabaki humu humu. Waridi lenyewe linapenda udongo wa 6 hadi 6.5, yaani wenye uchachu kidogo.

Ukilimwagia bidoni moja ya ziwa, halitaona kitu. Ukilimwagia tangu mwezi wa sita hadi wa tisa bila tone la mvua, jua linanyonya maji na kuacha chumvi, kesho unaleta nyingine, keshokutwa nyingine. Angalia ukingo wa ndoo mnayochotea ziwani. Ule utando mweupe usiotoka hata ukisugua, ndio unaojengeka kwenye mizizi ya mawaridi yako.

Fanya hivi kesho asubuhi. Chukua jani la juu kabisa, lile jipya, uliinue dhidi ya mwanga. Kama mwili wa jani umekuwa manjano lakini mishipa yake imebaki kijani, vijistari vyembamba vya kijani juu ya manjano, hapo umepata jibu: waridi lina njaa ya chuma. Chuma kimo udongoni, ila kwenye udongo wenye magadi kinajifunga na mizizi inashindwa kukivuta. Kama yanayogeuka manjano ni majani ya chini, ya zamani, tena yanageuka yote pamoja na mishipa, hilo ni jambo jingine: kiu, uzee wa jani, au udongo uliochoka. Wewe umesema ya juu, kwa hiyo nina hakika kiasi cha kutosha kukwambia uache kumtuma mtoto ziwani.

Na majivu? Mama mkwe wako tumheshimu, hakusema vibaya. Kule milimani, Lemera na juu zaidi, mvua nyingi zimeosha udongo mpaka ukawa mchachu, na huko majivu yanausaidia kweli. Yeye huenda ndiko alikojifunzia kulima. Lakini hapa ufukweni, kwenye kitalu kilichonyweshwa ziwa kwa miezi mitatu, majivu ni magadi juu ya magadi. Akikuuliza, mwambie siku hizi jikoni mnawasha makaa machache. Usianze kumfundisha pH.

Utaniuliza: sasa nitatumia maji gani, yaya? Ya mvua ndiyo bora, lakini mwezi wa tisa hayapo. Yanayofuata ni ya mito inayoshuka milimani. Maji ya bomba ya Regideso hapa Uvira yanatolewa mto Mulongwe, nayo ni mepesi kuliko ya ziwa. Ila tusidanganyane. Bomba halitoi kila siku, na mji wetu unajua kipindupindu kwa jina na kwa sura. Maji safi ni ya kunywa na ya kunawa mikono kwanza. Waridi linapanga foleni nyuma ya watoto. Linalopata ni makombo: maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, na yale ya mwisho ya kusuuzia nguo ambayo hayana povu tena. Maji ya kwanza yenye sabuni ya unga usilipe, maana sabuni hiyo nayo ina magadi yake. Na ukikosa kabisa, basi hata ya ziwa, kuliko kuliacha lifie kiu. Mvua za mwezi wa kumi zitakuja kuosha.

Namna ya kumwagia nayo ina neno. Kikombe asubuhi na kikombe jioni kinalowesha udongo wa juu peke yake. Mizizi inapanda kufuata unyevu, jua linaikuta huko juu na kuichoma. Kila shina lipe lita 10 kwa pamoja, mara mbili kwa wiki, polepole, usubiri yazame. Bidoni moja ya lita 20 inatosha mashina mawili. Parseli zenu za karibu na mlima zina changarawe nyingi, maji yanapita tu, kwa hiyo nyie fanyeni mara tatu. Kabla ya kumwagia, ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Ukikuta ubichi, rudi nyumbani. Na saa yake ni alfajiri, kabla jua halijaruka milima ya Burundi.

Halafu funika. Sijui kwa nini watu wetu wanafagia chini ya maua mpaka udongo unang'aa, kama vile waridi linatarajia wageni. Udongo ulio uchi hapa Uvira mwezi wa tisa huwezi kuukanyaga pekupeku saa nane mchana, na hapo ndipo mizizi inapoishi. Tambarare ya Ruzizi inalimwa mpunga, na kwenye mashine za kukobolea makapi yanatupwa. Omba gunia. Tandaza unene wa vidole vinne, uache nafasi ya kiganja kuzunguka shina ili lisioze, kisha umwagie maji kidogo juu, vinginevyo upepo wa ziwani utayapeleka kwa jirani. Ukikosa makapi, majani makavu ya migomba yanafanya kazi ileile, ingawa kuku watayachakura.

Mbolea ya dukani sitaisema sana. Mtu mwenye homa humsukumizii bugali. Katika joto kali mmea umefunga vinyweleo vya majani yake ili usipoteze maji, na karibu umesimamisha kazi zote. Mbolea ikija wakati huo, chumvi yake inachoma mizizi kwenye udongo mkavu, na vichipukizi laini vinavyotoka vinakaushwa na jua kabla havijakomaa. Kuanzia katikati ya mwezi wa saba mpaka mvua ya pili au ya tatu, usiweke chochote isipokuwa samadi iliyooza kabisa, ile isiyonuka tena, tena kidogo, juu ya udongo, chini ya makapi.

Kuna jambo moja ambalo Kalundu tumependelewa, na watu hawalitumii. Jua letu linachomoza ng'ambo ya ziwa, upande wa Burundi, na linatufikia bila kizuizi tangu linaporuka milima ya huko. Lakini jioni milima iliyo mgongoni kwetu inalimeza mapema, kivuli kinashuka mjini wakati Bujumbura bado wanakunja macho. Waridi linataka jua la asubuhi, kwa muda wa saa sita hivi, halafu liachwe. Kwa hiyo panda upande wa nyumba unaotazama ziwa. Ukuta au mwembe ukiwa nyuma yake, upande wa mlima, kuanzia saa nane utalipa kivuli kabla hata ya mlima wenyewe. Usilibandike ukutani, acha hatua moja, na ua wa mabati uuogope kabisa, maana bati la saa saba linarudisha moto wote kwenye majani. Upepo wa kusini wa kiangazi nao unakausha. Wigo wa matete upande huo unatosha.

Mwenzetu wa Mulongwe ameuliza kuhusu mawaridi yake yaliyo kwenye ndoo nyeusi barazani. Dada, gusa ndoo hiyo saa saba mchana. Ndiyo, hivyo ndivyo mizizi inavyosikia. Ivishe gunia, au ipake chokaa nje, au uitumbukize kwenye ndoo kubwa zaidi na ujaze mchanga katikati. Na nyinyi wa Kilomoni na sehemu za chini za Kalundu ambako ziwa lilipanda likaingia mpaka vyumbani mwaka 2021, na tena 2024, msipande kwenye udongo ule moja kwa moja. Inueni kitalu kwa mawe, kimo cha goti, mjaze udongo ulioletwa kutoka mguu wa mlima. Mawe hatujawahi kuyakosa.

Mdudu wa msimu huu ni mmoja hasa: utitiri mwekundu. Hutamwona kirahisi. Utaona majani yamekuwa na vumbi la rangi ya shaba, na ukigeuza jani, utando mwembamba kwa chini. Anapenda ukavu, anachukia maji. Lowesha sehemu ya chini ya majani kwa nguvu asubuhi, kila siku ya pili, kwa wiki mbili, yapate kukauka kabla ya jua kupanda. Wale wanaowauzia unga wa salfa hawawaambii kwamba ukiunyunyiza siku ya nyuzi 30 na zaidi, unababua majani. Hata maji ya mwarobaini yenye sabuni, subiri jioni.

Sasa tuje kwenye kilichowafanya wengi mniandikie, ingawa mmejifanya mnauliza kilimo: arusi. Arusi zetu zinajaa mwezi wa saba na wa nane, barabara kavu, watoto likizo, ndugu wa Fizi na Baraka wanaweza kufika. Yaani tunataka maua wakati uleule ambao waridi linataka kulala. Ndiyo maana kumbi zetu zimejaa maua ya plastiki, na mimi siwalaumu wapambaji.

Lakini waridi lina kalenda unayoweza kuishika. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, halina baridi ya kulilaza kama kwa Wazungu. Mkasi wako ndio unaoliambia lini lilale na lini liamke. Ukilipogoa, maua yanarudi baada ya wiki sita hadi nane. Unataka maua ya arusi ya mwanzo wa mwezi wa saba? Pogoa katikati ya mwezi wa tano, wakati mvua za mwisho bado zinasaidia. Ya Noeli? Pogoa mwisho wa mwezi wa kumi. Ya tarehe 8 mwezi wa tatu, ile sikukuu yetu wanawake? Katikati ya mwezi wa kwanza. Ondoa theluthi moja ya kimo, kata juu kidogo ya jicho linalotazama nje, na matawi yaliyokufa yatoe yote.

Ila mwezi wa nane na wa tisa, mkasi ukae kabatini pamoja na mbolea. Kata ua lililokauka tu, na jani moja au mawili chini yake. Majani mengine yaache hata kama yamechakaa, ndiyo mwavuli wa shina. Nawajua, mkono utawawasha. Lakini wapo wanaoweza kusubiri. Kule Oman, waliko ndugu wengi wanaosema Kiswahili, kuna Jabal Akhdar, mlima wenye vijiji vilivyo karibu mita 2,000 juu ya bahari, na huko wanalima mawaridi ya kutengenezea maji ya marashi. Wanachuma kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu hadi wa tano, wanachemsha, wanajaza chupa, basi. Aina yao inachanua mara moja kwa mwaka. Mwezi wa nane ukienda kwao utakuta vichaka vya kijani na watu wanaongea mambo mengine. Wametengeneza jina kwa maua ya wiki chache, sisi tunalilia ua kila Jumapili.

Wewe wa Kalundu, miche yako ya Bukavu itunze, nadhani itavuka. Lakini nikushauri kitu kingine kwa mwakani. Katika mtaa wako yupo mama mzee, au nyumba ya watawa, au parokia, yenye waridi la zamani ambalo hakuna anayekumbuka lilipandwa lini. Mara nyingi ni lenye ua dogo, jekundu au la rangi ya waridi iliyofifia, halina fahari, picha zake hazipendezi sana. Limeona viangazi vyote hivyo bila kopo la mbolea. Hilo ndilo la kutafuta. Nenda umsalimie mwenyewe, ukae, usikilize habari za mgongo wake, usiende mikono mitupu, hata sukari kilo moja. Ukiondoka muombe kijiti. Hakuna mama atakayekunyima.

Fanya hivyo mwezi wa kumi au wa kumi na moja, mvua zikishakolea. Chagua tawi lililomaliza kutoa ua, lenye unene wa penseli, ukate kipande cha shubiri moja chenye macho manne. Toa majani yote isipokuwa mawili ya juu. Chomeka nusu yake kwenye mchanga wa mtoni uliooshwa, mahali penye kivuli, ukifunike kwa mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga, usiguse majani. Mchanga wa ziwani uache, sababu unaijua sasa. Baada ya mwezi mmoja hadi miwili kivute kidogo sana; kikikataa kung'oka, kina mizizi. Chomeka sita ukitaka viwili. Shimo la kukihamishia liwe nusu mita kwenda chini na nusu mita upana, mawe yatolewe, samadi iliyooza ichanganywe nusu kwa nusu na udongo.

Mbuzi wa jirani ni barua nyingine kabisa, na nimepokea nyingi. Miiba haimzuii, anapenda waridi kuliko anavyopenda majani ya muhogo. Wigo, hakuna ufundi mwingine. Na kabla hujagombana naye, kumbuka samadi unaitoa kwake.

La mwisho, kwa yule wa Kasenga mwenye arusi ya dada yake wiki ijayo na mashina manne yaliyo na matumba machache. Kata alfajiri ya siku yenyewe, tumba likiwa limeanza tu kufungua petali ya kwanza, kwa kisu kikali na kwa mshazari. Majani ya chini yote toa. Yatumbukize mpaka shingoni kwenye ndoo ya maji ya bomba, chumba cha giza, mpaka saa ya kupamba. Kwenye chombo cha mezani weka kijiko cha sukari na kijiko cha maji ya limau kwa kila lita. Sukari inalilisha, limau linasaidia maji yapande shina. Maji ya ziwa hapa pia usiyatumie. Maua yako yatakuwa madogo, kwa hiyo yote yaende kwa bibi arusi na meza yake, na hizo meza nyingine mpigie mpambaji wa plastiki leo leo, maana wiki hii ana kazi nyingi.